Santiemu mbili za tata

Jumapili, mwezi wa saba. Asubuhi baridi ile inayokata masikio, halafu jua kali kuanzia saa nne. Upepo wa vumbi tangu jana. Nguo nilizofua zimekuwa na rangi ya barabara, na sina nguvu ya kuzifua tena.

Leo palmer ya tata, marehemu baba yangu, imerudi nyumbani. Saa chache tu baadaye nilikuwa nimeshaitia mkono. Niliitengeneza vizuri, kwa ufundi wote nilio nao, na sasa nimekaa mlangoni mwa atelier, karakana yangu, nikitamani kurudi nyuma mpaka saa sita mchana, kabla sijachukua ule ufunguo mdogo.

Naandika ili nitulie. Atakayesoma asome.

Kwa asiyejua: palmer ni kifaa cha kupimia, cha chuma, chenye upinde unaojaa kiganjani. Unaweka kitu katikati ya meno yake mawili, unazungusha mpini wake mpaka meno yaguse, halafu unasoma namba. Inapima santiemu. Chukua milimita moja, igawe mara mia, kipande kimoja ndiyo santiemu. Unywele wa kichwa changu una santiemu saba, nimeupima. Watu wanacheka nikisema hivyo, lakini buksi ya mashine ya kusaga mahindi, ile pete ya chuma ambamo mche wa mashine unazunguka, ikikosewa santiemu chache, mashine inapiga kelele mtaa mzima, na mama wote walio kwenye foleni wanajua ni nani aliyeikereza.

Mi ndiye ninayekereza. Naitwa Odette, nina miaka arobaini na tatu, na nyuma ya nyumba yetu hapa Kolwezi nina chumba cha matofali chenye tour moja ya zamani, ile mashine ya kukerezea chuma. Nina pia bamba zito lililonyooka kabisa, ambalo tunaliita marbre, na meza yenye droo ndefu. Hiyo droo ndiyo ugonjwa wangu.

Ndani yake kuna palmer kumi na moja. Kuna komparateri tatu, zile zenye uso kama wa saa, za kuonyesha kama mche unazunguka bila kuyumba. Kuna sanduku la mbao la etaloni, vipande vya chuma vilivyong'arishwa, kila kimoja na kipimo chake, ambavyo kazi yake ni kukuambia kama vifaa vingine vinasema kweli. Nimevilaza vyote juu ya kipande cha blanketi, vimepakwa mafuta kidogo, na kila Jumamosi navifuta kimoja kimoja. Kazi yangu inahitaji palmer tatu. Hizi nyingine nimekuwa nikiwaambia watu ni za akiba.

Ni uongo. Nimekuwa nikitafuta moja tu.

Mama yangu, ambaye naishi naye, analijua hilo zamani. "Bamama benzako banaweka bikwembe mu sanduku," huniambia, akimaanisha vitenge, "weye unaweka byuma. Siku utakufwa tutakufunika na nini?" Halafu anacheka peke yake mpaka anasahau alikuwa anapika nini.

Njia yangu ya kuzipata ni hii. Nikisikia kwamba fundi fulani wa zile atelier kubwa za zamani za mine, kule migodini, amefariki, nasubiri kilio kiishe, nasubiri tena mwezi mzima, halafu naenda kumsalimu mjane. Nabeba sukari na sabuni. Tunaongea. Mwishoni naomba kuona kama marehemu aliacha vitu vya kupimia. Mara nyingi vipo, na mara nyingi vimeshapewa kazi nyingine. Nimekuta palmer ikizuia dirisha lisijifunge. Nimekuta komparateri ikining'inia sebuleni, na wajukuu wa nyumba wakilalamika kwamba hiyo saa haitembei. Nyingine nimezitoa sokoni kwenye mitraille, ile milundo ya chuma chakavu, katikati ya minyororo ya baiskeli na mabomba yaliyokatwa. Unachimbua kwa mikono kama wale wachimbaji wa kobalti, na unarudi nyumbani mchafu kama wao.

Na kila mara nafanya kitu kilekile. Naigeuza palmer, natafuta nyuma ya upinde herufi mbili zilizogongwa kwa nyundo: M.K. Sizikuti. Kisha naona haya kuirudisha, kwa sababu nilikwisha kuishika kwa matumaini, basi naiomba hiyohiyo na kuileta nyumbani. Ndivyo nilivyofikisha kumi na moja bila kukusudia.

M.K. ni tata. Mwamba. Alikuwa tourneur, fundi wa tour, tangu ujana wake mpaka atelier ilipofungwa.

Alikuwa mpole wa maneno na mgumu wa mikono. Kwetu, alichofunga tata kilifunguliwa na tata tu. Chupa ya mafuta, bomba la uani, kifuniko cha thermos, vyote vilimsubiri. Akitoka kazini alikuta vimepangwa mstari juu ya meza, vile vilivyomshinda mama tangu asubuhi, na alivifungua kimoja kimoja kabla hata ya kunawa. Bukari, ugali wetu, ikitoka motoni, yeye ndiye aliyeikata kwanza. Aliifinyanga kwa kidole gumba huku mvuke unapanda, sisi watoto tukimwangalia mdomo wazi. Shuleni tulijigamba kwamba tata yetu hasikii moto.

Mkono wangu aliushika vilevile. Akinipeleka shule, tukifika kwenye barabara ya malori alinibana mpaka vidole vinakufa ganzi. Siku moja, nilikuwa na miaka kumi na moja na wenzangu walikuwa wanatazama, nilimwambia: "Tata, unaniumiza. Niache, nitatembea mwenyewe." Aliniachia. Hakunishika tena mkono barabarani, siku ile wala nyingine yoyote. Alitembea kando yangu, mikono yake ameiweka nyuma.

Hilo nalikumbuka kuliko mazishi yake.

Mwaka uliofuata alianza kunifundisha kazi, mi, si kaka zangu, ambao chuma kiliwachosha. Alinipa palmer ndogo ya kujifunzia. Yake sikuruhusiwa kuigusa. Pale atelier kila fundi alikuwa na ya kwake, na kugusa ya mwenzako ilikuwa sawa na kutumia mswaki wake. "Palmer iko ya mwenye mukono," alisema. "Hauombi ya muntu, haupatie muntu yako." Nilidhani ni wivu tu wa mafundi, kama mama anavyokataza mtu kugusa sufuria yake ya sombe, majani ya muhogo.

Nilipomaliza mtihani wa mwaka wa sita alinikerezea zawadi, kipande kifupi cha chuma cha mviringo, akagonga juu yake namba 20,00, milimita ishirini. Akanipa akasema, "Hii haitakudanganya." Kiko hapa juu ya marbre mpaka leo. Nimekipima kwa palmer zangu zote, nimekilinganisha na etaloni, na kila mara kimesema ishirini kamili. Nikiwa na huzuni ya kazi nakipima tena, basi tu, nisikie mtu ananijibu kweli.

Halafu atelier ikafungwa. Rafiki yake wa tangu ujana, Tata Kayombo, akapata kazi ya kutengeneza pampu kule Kisenge, kwenye mgodi wa manganese, na palmer yake mwenyewe ilikuwa imeanguka ikapinda. Tata akampa ya kwake. Walipatana airudishe baada ya wiki moja. Mtu aliyetukataza hata kuisogelea, akaifunga kwenye kitambaa na kuitoa nje ya nyumba yake, na sikumwelewa.

Wiki ikawa mwezi. Treni ya kule ikakoma, barabara ikaharibika, miezi ikawa miaka. Tata hakumsema rafiki yake vibaya hata mara moja. Tukimuuliza alijibu, "Ataileta." Alipokuwa kitandani, siku zake za mwisho, alisema mbele ya kaka zangu wote: "Ikirudia, iko ya Odette." Ni miaka minane sasa.

Kwa miaka hiyo nimetamani kitu kimoja, na naona aibu kukiandika. Palmer ikitumika sana, chuma chake hung'aa na kulainika pale kidole gumba kinapokaa. Panabaki doa. Nilitaka kuweka gumba langu kwenye doa la tata. Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta kwenye milundo ya mitraille na katika nyumba za wajane, na sukari yangu mkononi.

Mwezi uliopita nikapata ujumbe kwenye simu, wa mtu aliyeniita yaya, dada mkubwa. "Yaya Odette, mi ni Beatrice, mutoto wa Tata Kayombo wa Kisenge. Papa alitutoka mwaka jana. Tunasafisha nyumba, nimekuta kintu ya tata yako." Na picha, imetikisika. Niliikuza mpaka nikaona herufi ya kwanza, halafu ya pili. Nililia mbele ya mteja aliyeleta ekseli ya pikipiki yake, na yule maskini akadhani ekseli haina dawa. Ikabidi nimtulize yeye.

Nilingoja wiki tatu lori la kuaminika kutoka upande wa Dilolo. Leo, misa ya kwanza ilipokwisha, dereva akapiga simu kwamba amefika. Nilienda kwenye maegesho ya malori na nguo zangu za kanisani. Akatoa kopo la maziwa ya unga lililozungushiwa utepe, akalipima kwa mkono na kuniuliza: "Mama, maziwa gani ile iko muzito hivi?" Nikamwambia ni ya mtoto aliyekua zamani. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenye homa, akanikabidhi, akaniachia njia.

Sikufungua barabarani. Nilifungua hapa, juu ya marbre, mlango wazi ili mwanga uingie. Ndani ya kopo kipande cha kikwembe, ndani yake kitambaa chenye mafuta, na ndani ya kitambaa, palmer. Haikuwa na hata tone la kutu. Harufu yake ilikuwa ileile ya mfuko wa koti lake la kazi, na niliinusa tena na tena.

Doa lilikuwepo. Kubwa, laini, limechimbika kidogo. Gumba langu liliingia humo na kubakiza nafasi pembeni. 

Hapo ndipo nilipotakiwa kuacha.

Lakini mi ni fundi, na fundi akipewa kifaa lazima akijaribu. Niliifuta. Niliilaza kwenye marbre pamoja na etaloni ili vyote vipate joto moja, maana chuma kinanenepa kwa joto, na msimu huu asubuhi na mchana hazifanani. Nikaenda kupika. Saa sita nikarudi, nimeshanawa, nimekausha mikono. Kale ka kichwa kadogo ka nyuma, kanakolia tik-tik kukuzuia usikaze kupita kiasi, kamekufa. Si kitu, nimezoea kutumia ncha za vidole. Nikafunga meno yake polepole, yakagusana.

Sifuri haikukutana na sifuri. Ilionyesha santiemu mbili zaidi.

Nikachukua etaloni ya kumi. Palmer ikasema kumi na santiemu mbili. Nikachukua ya ishirini. Ishirini, na santiemu mbili zilezile. Nikaandika kwenye daftari langu, "+2", nikasema kwa sauti, "Maskini, wamekuangusha." Nilimkasirikia Tata Kayombo, marehemu wa watu, na kumwambia maneno ambayo sitayaandika hapa siku ya Jumapili. Kisha nikatoa ufunguo wa ndoano, ule wa kuzungushia sifuri, nikaugusisha kwenye kitundu chake, nikazungusha kidogo sana. Sifuri ikakaa mbele ya sifuri. Kazi ya dakika moja. Nilifurahi kama mtu aliyemnawisha mtoto uso.

Nikasema, sasa kipimo cha kwanza kiwe cha zawadi yangu. Nikachukua kile kipande cha chuma, nikakiweka katikati ya meno. Ishirini kamili. Nikatabasamu, nikakirudisha mahali pake.

Halafu nikakiangalia tena.

Kipande hiki tata alikikereza kwa palmer hii. Hakuwa na nyingine. Kama palmer ilikuwa inadanganya santiemu mbili, kipande nacho kingedanganya mbili. Na hakidanganyi. Basi, nikajiambia, palmer ilikuwa nzima ilipotoka kwetu na iliharibikia kule. Nilitaka sana iwe hivyo. Nikampigia Beatrice simu, nikisema nampigia kumshukuru.

Nilimshukuru. Kisha nikamuuliza, kwa upole niwezavyo, kama iliwahi kuanguka.

"Haikuanguka hata siku moya, yaya," akasema. "Papa aliitumia siku mbili tu. Bitu byote alikereza bilikuwa binalegea mu fasi yabyo. Akasema palmer haina makosa, ni mukono wa Mwamba njo uko mule ndani. Akaifunga mu kitambaa, akaomba ingine ku chantier ya kazi."

Nikamuuliza kwa nini hakurekebisha sifuri, kitu cha dakika moja kwa fundi kama yeye.

"Tulimuuliza ile. Akasema, nikigusa sifuri nitamurudishia kintu ya muntu mungine. Alikuwa anataka kuileta mwenyewe, mu mikono. Ni miguu njo ilikatala."

Nikaiweka simu juu ya marbre. Beatrice akadhani mtandao umekatika, akawa anaita allô, allô, mpaka nikakata mwenyewe.

Mama alikuwa uani, anachambua maharage juani, kitambaa amejifunga masikioni kwa sababu ya upepo. Nikamuuliza kama kidole gumba cha tata kilikuwa kinasikia. Alinitazama kama nimeuliza kama tata alikuwa na pua.

"Kile cha kuume? Kilikufwa mbele hata anioe. Chuma ya moto ilimuunguza ku atelier, ngozi ikarudia lakini kidole haikurudia. Weye ulikuwa unawaza alikuwa anakaza bile bifuniko juu ya nini? Hakukuwa anasikia mwisho iko wapi."

Akaendelea kuchambua. Mi nilibaki nimesimama na viatu vyangu vya kanisani ndani ya vumbi. Kisha akasema, bila kuinua uso, kama mtu anayekumbuka chumvi: "Na weye alikuwa anakubana mukono njia yote ya masomo. Nilimukatazia. Akaniambia, nisipokaza, sisikie kama ningali naye."

Tata hakuniambia. Nilipomwambia ananiumiza, hakunieleza kitu. Aliniachia tu, akaweka mikono nyuma.

Nikarudi atelier, nikakaa kwenye kiti. Sasa mambo yote yalikuwa wazi, hata mtoto angeyaelewa. Gumba lake halikusikia, kwa hiyo alikaza. Ukikaza palmer sana, upinde unajipanua kidogo mno, hauonekani kwa jicho, na namba inasoma pungufu. Kwake yeye pungufu ilikuwa santiemu mbili. Basi akasogeza sifuri mbele santiemu mbili. Nguvu ya mkono inaondoa mbili, sifuri inarudisha mbili, na kipande kinatoka ishirini kamili. Kwetu hakuna aliyejua. Fundi wa mkono mwepesi akiishika anaona inadanganya. Ndiyo maana kila mtu pale alikuwa na palmer yake. Kila mmoja alikuwa amejiweka ndani ya sifuri yake, kwa jinsi mkono wake ulivyo.

Tata alikuwa amebaki humo. Alikaa Kisenge miaka yote hiyo ndani ya kitambaa, hakuna aliyemgusa, rafiki yake akimlinda mpaka kifo. Akasafiri kwenye lori, akafika kwa binti yake. Na binti yake akamfuta kabla ya chakula cha mchana.

Nilimtukana Tata Kayombo, na yeye ndiye aliyejua kutunza. Hilo pia naliandika hapa, libaki.

Kuna jambo lingine linaniuma, dogo, la kijinga. Niliandika "+2". Lakini ilikuwa mbili kamili, au mbili na kitu? Mi ninayegombana na watu kwa ajili ya nusu ya santiemu, sikuangalia katikati ya mistari. Nilikuwa na haraka ya kusahihisha. Palmer nikiona ina kosa sioni tena kitu kingine. Hata nikirudisha, nitarudisha kwa kukisia, na kile kidogo kilichozidi au kilichopungua sitakijua tena. Hakuna etaloni ya kitu hicho.

Mama alikuja mpaka mlangoni, jambo ambalo halifanyi, anasema huku ndani kunanuka kama marehemu mumewe. Aliniona na ile palmer.  Akasema chakula kimepoa na kwamba tata naye alikuwa hivyo, akikosea kitu hali chakula. Nikamwambia nakuja.

Sikwenda mara moja. Ilikuwa saa kumi, jua limeshaingia mlangoni upande upande, mwanga mzuri wa kusomea. Nikachukua tena ufunguo wa ndoano. Nikatoa etaloni ya ishirini, nikachukua kioo cha kukuzia, nikazungusha kidogo, nikapima, nikazungusha tena. Mara ya sita ilikaa: ishirini na santiemu mbili kwa mkono wangu mwepesi. Mahali alipopaacha yeye, au karibu sana.

Nimeamua haitaingia kwenye droo pamoja na zile kumi na moja. Itakaa juu ya marbre, kando ya kipande chake. Kesho nina buksi mbili za mashine ya kusaga, mwenyewe atakuja mapema, na nitazipima kwa palmer yangu. Hii haitapima kitu tena. Na siku ile nitakayoacha kazi, sijui nitamwachia nani droo nzima, wala kama huyo mtu atajua kwamba kabla ya kugusa sifuri inabidi kwanza kuuliza ilikuwa ya nani.

Jambo la mwisho nililofanya kabla ya kukaa hapa na kuandika ni hili.

Nilifunga meno ya palmer bila kitu katikati, polepole, mpaka yakagusana. Santiemu mbili zaidi, kama inavyotakiwa. Nikaweka gumba langu kwenye doa lake. Halafu nikaanza kukaza.

Nilipita pale ninapoishia kila siku. Nilipita pale ambapo mtu mwingine akifika namnyang'anya kifaa. Mstari ukasogea, ukabaki moja na nusu. Nikakaza. Ukabaki moja. Ngozi ya gumba ikawa nyeupe, mikwaruzo ya mpini ikaanza kunichimba. Nikakaza tena, na mstari ukaja taratibu, taratibu, mpaka sifuri ikakutana na sifuri.

Basi ilikuwa kiasi hiki. Hivi ndivyo alivyoshika chuma hiki kila siku ya kazi yake, na hivi ndivyo alivyonishika mi kwenye barabara ya malori, ili ajue kwamba ningali naye.

Iliniuma. Sikuachia.